Namna ya Kuandaa Orodha ya Machapisho na Mawasilisho ya Wahadhiri wa Idara

Kila mwaka idara ya chuo kikuu hutakiwa kutoa orodha ya makala, vitabu, sura za vitabu na mada ambazo wahadhiri wake wamezichapisha au kuziwasilisha katika kipindi kilichopita. Orodha hiyo huingia katika ripoti ya chuo, huangaliwa na kamati za kupandisha vyeo, huhitajiwa wakati programu zinapokaguliwa, na husomwa na mwanafunzi wa uzamili au uzamivu anayetaka kujua ni nani anayeweza kumsimamia katika mada aliyoichagua. Pamoja na uzito huo wote, kazi ya kuiandaa mara nyingi huachiwa mtu mmoja katika wiki ya mwisho kabla ya makataa, naye hulazimika kubandika pamoja aya alizotumiwa na wahadhiri, kila mmoja kwa mtindo wake. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu huyo, awe mratibu wa utafiti, katibu wa idara au mkutubi aliyeombwa msaada.

Mifano mingi nimeitoa katika idara za Kiswahili kwa makusudi. Makala ya baiolojia iliyotoka katika jarida kubwa la Ulaya itaokotwa na mifumo ya kimataifa ya kutafutia machapisho kama Scopus na Google Scholar hata kama idara ya mwandishi haikusema neno. Makala iliyoandikwa kwa Kiswahili katika majarida ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, au katika Mwanga wa Lugha la Chuo Kikuu cha Moi, haina uhakika huo. Mada iliyotolewa katika kongamano la CHAKAMA (Chama cha Kiswahili cha Afrika Mashariki) au CHAUKIDU (Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani) na isichapishwe baadaye huweza kubaki bila ushahidi wowote isipokuwa ratiba ya siku hiyo. Kwa kazi za namna hii, orodha ya idara ndiyo kumbukumbu ya kwanza na pengine ya pekee, na kosa lililoandikwa humo litanukuliwa na wengine kwa miaka mingi bila mtu kuwa na pa kulilinganishia.

Weka mipaka kabla ya kuomba taarifa

Jambo la kwanza ni kipindi. Machapisho huhesabiwa kwa mwaka wa kalenda, bajeti ya serikali ya Tanzania hufuata mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni, na mwaka wa masomo una tarehe zake tofauti. Ripoti tatu zinaweza kudai vipindi vitatu. Njia iliyo rahisi ni kukusanya kwa mwaka wa kalenda na kuweka tarehe kamili, yaani siku, mwezi na mwaka, katika safu yake ndani ya jedwali, ili ofisi yoyote ikitaka kipindi kingine uchuje jedwali hilohilo badala ya kuanza kuuliza watu upya.

Jambo la pili ni nani anayehesabiwa. Kubalianeni mapema kama orodha inawahusu waajiriwa wa kudumu peke yao au pia wahadhiri wa mkataba, wa muda na wastaafu wanaoendelea kufundisha. Mhadhiri msaidizi aliye masomoni nje ya nchi huchapisha mara nyingi kwa jina la chuo anakosoma. Kazi yake iorodheshwe, lakini taasisi iliyotajwa chini ya jina lake katika makala iandikwe kama ilivyo, kwa sababu msomaji atakayefungua makala hiyo atakuta jina la chuo kingine na ataanza kutilia shaka orodha nzima. Makala ambazo wanafunzi wameandika peke yao ziwekwe katika orodha tofauti.

Omba ushahidi pamoja na taarifa

Usiwaombe wahadhiri wasifukazi. Wasifukazi humtumikia mwenyewe, umepangwa kwa namna anayoitaka, na utatumia siku nyingi kuuchambua. Andaa fomu fupi, ya karatasi au ya mtandaoni, ambayo kila kazi inajaziwa mara moja. Kwa makala ya jarida, dai majina ya waandishi wote kwa mfuatano uliochapishwa, anwani ya makala, yaani kichwa chake, kama ilivyo katika ukurasa wa kwanza, jina kamili la jarida, juzuu, toleo, kurasa, mwaka, na DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha kazi mtandaoni) kama ipo. Kwa sura ya kitabu, dai pia majina ya wahariri, mchapishaji, mji wake na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu. Vitabu vilivyotoka tangu Januari 2007 vina ISBN ya tarakimu 13, kwa hiyo ukiletewa namba ya tarakimu 10 kwa kitabu kinachodaiwa kuwa kipya, uliza.

Pamoja na fomu, dai ushahidi mdogo usiomsumbua mtu: picha ya ukurasa wa kwanza wa makala, ukurasa wa hakimiliki wa kitabu, au yaliyomo yanayoonyesha sura na jina la mwandishi. Picha iliyopigwa kwa simu inatosha. Utakapoiweka kando ya fomu ndipo utakapogundua kwamba anwani iliyoandikwa kwenye fomu ni ile ya rasimu, na kwamba mhariri aliibadilisha kabla ya kuchapa. Fuata kilichochapishwa hata pale mwandishi anapoipenda zaidi anwani yake ya zamani. Makala ya Kiswahili ibaki na anwani yake ya Kiswahili katika kila ripoti, ikiwemo ripoti inayoandikwa kwa Kiingereza, maana mtu atakayeitafuta katika jarida hatakutana na tafsiri yako.

Majina ya waandishi

Hapa ndipo kazi nyingi hupotea, na pananifanya nisisitize kuliko mahali pengine. Mifumo ya kumbukumbu za kitaaluma imejengwa juu ya dhana kwamba kila mtu ana jina la ukoo na kwamba jina hilo hukaa mwisho. Mhadhiri wa Unguja au Pemba ambaye majina yake matatu ni lake, la baba yake na la babu yake hana jina la ukoo kwa maana hiyo. Jarida moja litamworodhesha kwa jina la babu, jingine kwa jina la baba, na la tatu litaunganisha mawili kwa kistari. Mhadhiri aliyeolewa akaongeza jina la mume, au aliyeanza kutumia jina lake la asili badala ya la ubatizo, hukutwa na hali hiyohiyo. Mwishoni mtu mmoja anaonekana kuwa watafiti watatu, na kila mmoja wao ana kazi chache.

Usijaribu kulimaliza tatizo hili kwa kusawazisha majina ndani ya orodha. Ukibadilisha jina lililochapishwa, umemzuia msomaji asiipate makala. Tengeneza jedwali la pembeni lenye jina rasmi la kila mhadhiri, maumbo yote ya jina lake yaliyowahi kuchapishwa, na namba yake ya ORCID, yaani namba ya kumtambulisha mtafiti. Huduma ya ORCID ilianza mwaka 2012, ni bure kwa mtafiti, na humpa kila mtu namba ya alama 16 iliyogawanywa katika mafungu manne. Alama ya mwisho ni ya kuhakikia na huweza kuwa herufi X, kwa hiyo usiisahihishe ukidhani ni kosa la chapa. Mhadhiri ambaye bado hana namba hiyo asaidiwe kuipata wakati wa kukusanya taarifa. Kazi yenyewe ni ya dakika chache, na huenda ikawa ndiyo faida ya kudumu kuliko zote atakayoipata kutokana na zoezi lako.

Google Scholar ni msaada mzuri wa kukumbusha yaliyosahaulika, lakini ichukuliwe kwa tahadhari. Mhadhiri aliyeruhusu wasifu wake ujisasishe wenyewe anaweza kujikuta amepewa makala za mtu wa nchi nyingine mwenye herufi za mwanzo na jina la mwisho kama yake. Kila kitu kilichotoka huko kipitie kwa mwandishi mwenyewe, naye athibitishe kimojakimoja.

Hali ya chapisho na mwaka wake

Kati ya makala iliyotumwa kwa mhariri na makala iliyochapishwa kuna safari ndefu, na orodha nyingi huichanganya. Weka safu ya hali ya kazi yenye majibu machache yasiyoingiliana: inapitiwa, imekubaliwa, imetoka mtandaoni kabla ya toleo, imechapishwa katika toleo. Zilizo katika hali ya kwanza zisiingie katika orodha ya machapisho hata kidogo. Mpango wa mhadhiri ni wake na idara haina haki ya kuutangaza. Zilizokubaliwa ziingie katika kifungu chao, na kila moja iwe na barua ya mhariri.

Mwaka nao una mitego miwili. Wa kwanza ni wa majarida ya mtandaoni: makala hutoka mtandaoni Desemba, kisha hupangiwa juzuu na kurasa Machi ya mwaka unaofuata. Makala hiyo ni moja. Iandikwe mara moja, kwa mwaka wa toleo, na tarehe ya kutoka mtandaoni ibaki katika jedwali la kazi. Mtego wa pili unayahusu majarida yetu wenyewe, ambayo toleo lake huweza kuchelewa, na juzuu lenye mwaka mmoja kwenye jalada likafika mikononi mwa wasomaji mwaka mmoja au miwili baadaye. Atakayelinukuu atatumia mwaka wa jalada, kwa hiyo huo ndio unaoandikwa. Lakini andika pia tarehe halisi lililotoka, la sivyo kazi hiyo haitaonekana katika ripoti ya mwaka wowote, kwa kuwa ripoti ya mwaka wa jalada ilikwisha kufungwa kabla haijachapwa.

Wahadhiri wawili wa idara moja walioandika makala pamoja watakuletea fomu mbili. Orodha ya idara iwe na ingizo moja, na majina ya wana idara yakolezwe wino ili kila mmoja aonekane. Jumla ya idara ihesabiwe kwa kazi, na jumla ya kila mhadhiri ihesabiwe kwa mtu. Idadi hizo mbili hazilingani, na hazipaswi kulingana.

Kazi zisizo makala ziheshimiwe kwa kuwekwa mahali pake. Wahadhiri wengi wa Kiswahili huandika riwaya, tamthiliya na diwani, hutafsiri, hushiriki kutunga kamusi, na huandika vitabu vya kiada. Kuzichanganya na makala za utafiti kunaziumiza zote mbili, na kuziacha nje ni dhuluma. Kamusi zilizotolewa kwa jina la taasisi, kama zilivyokuwa kamusi za TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), mwandishi wake ni taasisi. Mhadhiri aliyeshiriki atajwe pembeni kwa wajibu alioufanya, iwe ni kufafanua vidahizo, kuhariri au kuratibu.

Kupima jarida usilolijua

Mwandaaji wa orodha si hakimu wa ubora, lakini akiingiza jarida la kughushi, idara nzima hubeba aibu. Anza na vipimo vinavyochukua muda mfupi. Chukua DOI ya makala, iweke baada ya anwani ya doi.org na uifungue. DOI ya kweli huanza kwa 10 na hukupeleka kwenye makala yenyewe, ilhali majarida ya ulaghai huandika namba zinazofanana na DOI ambazo hazikupeleki popote. Tafuta ISSN, yaani namba ya jarida, katika tovuti ya kituo cha kimataifa cha ISSN na uone kama jina linalotokea ni la jarida hilohilo, kwa sababu wapo walaghai wanaoiba jina na namba ya jarida halali. Kumbuka kwamba ISSN hutambulisha jarida tu, wala si cheti cha ubora.

Kwa majarida ya Afrika, African Journals Online, yaani AJOL, iliyoanzishwa mwaka 1998 na yenye makao yake Afrika Kusini, hupima taratibu za uchapishaji za majarida yake na kuyapa nyota. Kwa majarida ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure mtandaoni, kuna orodha ya DOAJ, ambayo ilianza mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi. Jarida lisilokuwemo humo halihesabiwi kuwa baya kwa sababu hiyo peke yake. Majarida kadhaa ya heshima ya lugha za Kiafrika hayajaingizwa kokote. Dalili zinazotisha ni nyingine: ahadi ya kupitia na kuchapisha ndani ya siku chache, ada inayodaiwa kabla ya makala kusomwa, bodi ya wahariri yenye watu wasiojua kwamba wametajwa, na jarida moja linalodai kushughulikia uhandisi, fasihi na tiba kwa pamoja. Ukiziona, usiifute kazi kimyakimya. Zungumza na mhadhiri faraghani kwanza, kisha suala lipelekwe kwenye kamati ya utafiti ya idara.

Mawasilisho

Mawasilisho huandikwa ovyo kuliko machapisho kwa sababu wengi huyaona kuwa mambo madogo, nami naona kinyume chake: ndiyo yanayohitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa kuwa hayana jarida la kuyahifadhi. Tofautisha kwanza aina za ushiriki. Mtoa mada kuu aliyealikwa, mtoa mada katika kikao baada ya ikisiri yake kupitiwa, mwenye bango, mchokoza mada, mwenyekiti wa kikao, na mhudhuriaji ni watu sita tofauti, na ni watatu wa kwanza tu wanaopaswa kuingia katika orodha ya mawasilisho. Mchokoza mada na mwenyekiti wana nafasi yao katika orodha ya huduma za kitaaluma. Cheti cha kuhudhuria kinathibitisha kuhudhuria na hakuna zaidi. Barua ya kukubaliwa kwa ikisiri nayo haithibitishi kwamba mtu alisafiri akasimama mbele ya watu. Ushahidi wa kutosha ni ratiba ya kongamano yenye jina na anwani ya mada, ikiambatana na neno la mhadhiri mwenyewe kwamba aliwasilisha. Waandaaji huondoa ratiba mtandaoni tukio likishapita, basi ipakue na uihifadhi wakati huohuo.

Ingizo kamili la wasilisho huwa na majina ya waandishi wote na alama inayoonyesha nani alizungumza, anwani ya mada, jina kamili la kongamano, mwandaaji, ukumbi au chuo, mji, nchi, tarehe, lugha iliyotumika, na kama lilikuwa la ana kwa ana au la mtandaoni. Jina la kongamano lisifupishwe hadi likapoteza maana. Kuandika “Kongamano la Bayreuth” kunatosha kwa wanaolijua lile kongamano la Kiswahili ambalo limekuwa likifanyika katika mji huo wa Ujerumani tangu mwaka 1987, lakini mjumbe wa kamati anayetoka ndaki ya uhandisi hataelewa.

Uangalifu wa pekee unahitajika mwezi wa Julai. Tangu UNESCO ilipotangaza, mwezi Novemba 2021, kwamba tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, siku zinazoizunguka tarehe hiyo hujaa makongamano, mihadhara ya umma, mahojiano ya redio na hafla za balozi. Yote yana thamani, ila si yote ni mawasilisho ya kitaaluma. Mhadhara wa umma na mahojiano viwekwe chini ya ushirikishwaji wa jamii, na mada iliyopitiwa na kamati ya kongamano iwekwe chini ya mawasilisho, hata kama vyote vilifanywa na mtu mmoja katika juma moja.

Mada iliyotolewa mara mbili mbele ya hadhira tofauti iandikwe kila mara ilipotolewa, lakini maingizo hayo yapewe alama moja ya pamoja katika jedwali. Ikija kuchapishwa, ingizo la makala nalo lipewe alama ileile. Kwa namna hii yeyote ataona kazi moja ikikua kutoka semina ya idara hadi kongamano na hadi jarida, na hakuna atakayeihesabu kuwa kazi tatu.

Kisha mshauri mhadhiri aihifadhi slaidi au makala yake mahali inapoweza kupatikana. Ikiwa chuo kina hazina ya kidijitali inayopokea mada za makongamano, aanzie hapo. Kama haipokei, ipo Zenodo, hifadhi ya bure inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, tangu mwaka 2013, ambayo hutoa DOI kwa kila faili linalowekwa, ziwemo slaidi za Kiswahili. Anayekusudia kuipeleka mada yake kwenye jarida aweke slaidi na ikisiri tu, kwa sababu wahariri wengine hukataa makala ambayo maandishi yake yote yameshatoka kwingine. Mada yenye picha za watu, rekodi za mahojiano au data ya watoa taarifa isiwekwe hadharani mpaka ridhaa zao zihakikiwe.

Kupanga, kuhakiki na kutoa

Chagua mtindo mmoja wa marejeleo na uufuate kwa kila ingizo. Idara zinazotumia mtindo wa APA (wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani) zizingatie kwamba toleo lake la 7, la mwaka 2019, linataka waandishi hadi 20 waandikwe wote katika orodha, jambo linalowafaa wana idara ambao majina yao yalikuwa yakimezwa na “na wenzake”. Programu ya bure ya Zotero huweza kuvuta taarifa za kazi kwa kupewa DOI au ISBN na kuzipanga kwa mtindo unaoutaka. Taarifa ilizovuta zisomwe tena, kwa maana herufi kubwa za anwani za Kiswahili na majina ya waandishi huja yakiwa yamevurugika mara nyingi.

Panga kwa aina ya kazi, kisha kwa alfabeti ya jina la mwandishi wa kwanza. Sipendekezi kupanga kwa cheo, maprofesa juu na wahadhiri wasaidizi chini, kwa sababu msomaji hutafuta kazi na mada, na cheo hubadilika ilhali orodha inabaki. Weka kiungo cha DOI au cha ukurasa wa jarida badala ya kupandisha faili la makala iliyopangwa na mchapishaji, ambalo mara nyingi hakimiliki yake si ya mwandishi. Wachapishaji wengi huruhusu rasimu ya mwisho iliyokubaliwa iwekwe katika hazina ya chuo, wengine baada ya miezi kadhaa. Masharti ya kila jarida huangaliwa katika huduma iliyojulikana kwa miaka mingi kama Sherpa Romeo na sasa inaitwa Open Policy Finder. Namba za simu za wahadhiri hazina kazi katika orodha hii.

Kabla ya kuitoa, mpelekee kila mhadhiri maingizo yake peke yake na umpe juma moja ayasahihishe kwa maandishi. Baada ya hapo mkuu wa idara aipitishe, tarehe ya kupitishwa iandikwe juu, na nakala moja iliyofungwa ipelekwe maktaba pamoja na folda ya ushahidi. Masahihisho yatakayofika baadaye yaongezwe chini yakiwa na tarehe zake, bila kufuta yaliyotangulia. Jedwali la kazi lifunguliwe siku hiyohiyo kwa kipindi kinachofuata, na maingizo yake ya kwanza yawe makala zote zilizobaki katika hali ya “imekubaliwa”, pamoja na jina la mhariri wa kuulizwa na mwezi wa kumuuliza.